Dawa ya pamba na dawa ya chandarua ni ndugu: nani analipa gharama ya usugu wa wadudu?

KILA msimu wa pamba unapoanza mkoani Simiyu, mazungumzo ya wakulima huanza na mvua, huhamia kwenye mbegu na kuishia kwenye dawa. Ukikaa mnadani Bariadi, Maswa au Itilima hutachelewa kusikia lalamiko hili: nimepulizia mara ya tatu, funza bado wanatoboa vitumba.

Mkulima huyohuyo akirudi nyumbani ana lalamiko la pili. Chandarua ni kipya, kina dawa, lakini mbu anatua juu yake, anapumzika na kuondoka zake.

Wengi wetu huyachukulia haya kuwa mambo mawili. La kwanza tunampelekea bwana shamba, la pili tunampelekea mganga wa zahanati. Makala haya yanajaribu kuonyesha kwamba kwa kiasi kikubwa ni jambo moja, na kwamba gharama yake inatoka kwenye mfuko mmoja, yaani wa mkulima.

Ukoo mmoja wa dawa

Msomaji anayetaka kuelewa jambo hili aanze na ua la pareto, zao linalolimwa katika nyanda za juu za nchi yetu. Ua hilo lina sumu ya asili inayoua wadudu upesi bila kumdhuru sana binadamu, lakini sumu hiyo huharibika haraka juani. Katika miaka ya 1970, mkemia Michael Elliott na wenzake wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, walifanikiwa kutengeneza kiwandani sumu zinazoiga ile ya pareto na zinazostahimili jua.

Huo ndio ukoo wa dawa uliotawala mashamba ya pamba duniani. Majina yake ya kitaalamu ni rahisi kuyatambua kwa sababu mengi yanaishia kwa namna moja: cypermethrin, deltamethrin, lambda-cyhalothrin. Majina ya kibiashara yanaweza kuwa kumi na chupa zikawa za rangi kumi, lakini ndani ni ndugu wa baba mmoja.

Sasa soma maandishi ya chandarua chako. Utakuta permethrin, deltamethrin au alpha-cypermethrin. Ni ukoo uleule. Kwa miaka mingi huo ndio pekee uliokubaliwa kutumika kwenye vyandarua, kwa kuwa unaua mbu upesi na ni salama kwa mtoto anayelala ndani yake.

Vyandarua hivyo vimefanya kazi kubwa hapa nchini, tangu mpango wa Hati Punguzo ulipoanza mwaka 2004 hadi kampeni za kugawa bure zilizofuata. Pamoja na dawa bora za matibabu, vimechangia kushusha maambukizi ya malaria kitaifa kutoka asilimia 18.1 mwaka 2008 hadi asilimia 8.1 mwaka 2022. Hiyo ndiyo mali tunayoweza kuipoteza.

Mdudu anajikingaje?

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa. Mdudu ana kinga ya mwili dhidi ya magonjwa yake mwenyewe, yaani bakteria, kuvu na virusi. Mfaransa Jules Hoffmann na wenzake walichunguza inzi wadogo wa matunda na kuonyesha mwaka 1996 kwamba kinasaba kiitwacho Toll ndicho kinachoamsha kinga hiyo dhidi ya kuvu. Kazi hiyo ilimpatia Hoffmann sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2011, kwa sababu ilisaidia kuelewa hata kinga ya binadamu.

Jambo la pili ni usugu dhidi ya sumu. Hapa mdudu hutumia njia kadhaa. Ya kwanza ni kubadilika kwa mlango wa neva ambao sumu huushika, kama mtu aliyebadilisha kitasa ukabaki na ufunguo wa zamani. Ya pili ni kuongeza vimeng'enya mwilini vinavyoisaga sumu kabla haijafika kwenye neva. Ya tatu ni ngozi kuwa nene ili sumu ipenye polepole.

Mdudu hajifunzi usugu wala hazoei dawa kama mlevi anavyozoea pombe. Mfugaji ataelewa haraka. Ukame ukiua ng'ombe dhaifu kila mwaka na kubakiza wanaostahimili, baada ya miaka zizi lako litakuwa la wastahimilivu watupu. Dawa hufanya hivyohivyo kwa funza, tena kwa kasi kubwa zaidi, kwa kuwa nondo mmoja wa funza wa vitumba anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 na kizazi kizima hukamilika kwa muda usiozidi sana mwezi mmoja.

Mwaka 2012, watafiti wa taasisi ya Max Planck iliyoko Jena, Ujerumani, walieleza jinsi vinasaba viwili vya funza wa vitumba vilivyokatika na kuungana vikawa kimoja kipya. Kinasaba hicho, walichokipa jina CYP337B3, humwezesha funza kusaga sumu ambayo wazazi wake wasingeistahimili. Ni kosa dogo la kunakili ndani ya mwili wa mdudu, ambalo dawa zetu zililigeuza kuwa mtaji wake.

Walioungua kabla yetu

Wakulima wa pamba wa Australia walianza kutumia ukoo huu wa dawa mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1983, katika eneo la Emerald, jimbo la Queensland, dawa iligoma. Walichofanya baada ya hapo ndicho kinachotuhusu. Waliukata msimu vipande vitatu, wakakubaliana kwamba dawa za ukoo ule zitumike katika kipande kimoja tu cha takriban siku 42, na kila mkulima afuate kalenda hiyo. Usugu haukuisha, lakini dawa ilipata miaka zaidi ya kutumika.

India hawakuwahi hivyo. Dawa zilianza kushindwa katika jimbo la Andhra Pradesh mnamo mwaka 1987. Wakulima waliongeza mipulizo, wakachanganya dawa, wakakopa kununua nyingine. Msimu wa 1997/98 wadudu na mvua mbaya vilipoangusha mavuno katika wilaya ya Warangal, wapo wakulima waliojiua kwa sababu ya madeni.

Afrika Magharibi nayo ilipata pigo lake kuanzia mwaka 1996. Nchi kadhaa zililazimika kurudi kwenye endosulfan, sumu kali zaidi kwa binadamu, na huko Benin watu walikufa kwa sumu hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990. Anayechelewa kulinda dawa nafuu na salama hulazimika kushika ya ghali au ya hatari.

Kutoka shambani hadi chumbani

Je, mbu anaingiaje kwenye hesabu ya pamba? Jibu liko kwenye maji. Msimu wa pamba huku kwetu ndio msimu wa mvua. Mbu hutaga kwenye madimbwi, kwenye majaruba, kandokando ya malambo na hata kwenye nyayo za ng'ombe. Mabaki ya dawa yanapooshwa na mvua, au bomba la kupulizia linapooshewa lamboni, viluwiluwi vya mbu hupata dozi ndogo. Walio dhaifu wanakufa. Walio sugu wanakua, wanaruka na kuingia chumbani kwako, ambako wanakutana na ndugu wa dawa ileile.

Wanasayansi wa Tanzania wamelifuatilia jambo hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulilinganisha mbu wa maeneo ya mijini, ya kilimo na yenye uchafuzi mdogo hapa nchini, ukakuta tofauti za usugu zinazohusiana na mazingira wanamokulia. Mwaka 2020 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walichapisha kazi yao ya Kilombero na Ulanga wakitaka wataalamu wa kilimo na wa afya wapange matumizi ya viuatilifu kwa pamoja.

Haki itendeke. Mkulima si mkosaji pekee. Vyandarua vyenyewe, na dawa ukoko iliyopuliziwa kwenye kuta katika Kanda ya Ziwa, navyo vimechuja mbu vikabakiza walio sugu. Hata DDT, iliyowahi kutumika mashambani na majumbani, hushambulia mlango uleule wa neva na iliwaandalia wadudu njia. Lakini shamba likiongeza mzigo juu ya mzigo, safari inakuwa fupi zaidi.

Matokeo yamepimwa jirani zetu. Huko Muleba, mkoani Kagera, ulifanyika utafiti wa vyandarua vilivyoongezewa kemikali iitwayo PBO, ambayo huzuia vile vimeng'enya vinavyosaga sumu. Vilikinga kuliko vya kawaida, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likaanza kuvipendekeza.

Wilayani Misungwi, mkoani Mwanza, utafiti mwingine ulianza mwaka 2019 na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022. Baada ya miaka miwili, kati ya watoto waliopimwa katika maeneo ya vyandarua vya kawaida, asilimia 45.8 walikuwa na vimelea vya malaria. Katika maeneo ya vyandarua vilivyochanganywa na dawa ya ukoo mwingine, chlorfenapyr, walikuwa asilimia 25.6.

Siri ya chlorfenapyr inavutia. Inapoingia mwilini mwa mdudu haijawa sumu kamili. Vimeng'enya vya mdudu mwenyewe ndivyo vinavyoigeuza kuwa sumu. Silaha aliyoitegemea inamgeukia. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza rasmi mwaka 2023. Hata hivyo, kemikali hiyohiyo hutumika pia katika kilimo sehemu mbalimbali duniani. Tukiiruhusu iingie mashambani bila mpango, tutakuwa tumeanza kuchoma akiba tuliyoipata juzi tu.

Hesabu ya mkulima

Sasa turudi kwenye fedha. Simiyu inaongoza nchini kwa uzalishaji wa pamba, lakini bei haipangwi Bariadi. Inafuata soko la dunia. Bei dira ilikuwa Sh1,560 kwa kilo katika ununuzi wa mwaka 2022, ikashuka hadi Sh1,060 mwaka 2023.

Chukua mkulima anayevuna kilo 250 kwa ekari. Kwa bei ya 2022 alipata Sh390,000. Kwa bei ya 2023 alipata Sh265,000 kwa jasho lilelile. Pengo ni Sh125,000, na hakuna alichoweza kufanya kulizuia.

Anachoweza kudhibiti ni gharama. Kwa mfano tu, tuseme ekapaki moja ya dawa pamoja na kibarua wa kupulizia ni Sh10,000. Mipulizo mitatu ya ziada kwa sababu dawa haifanyi kazi ni Sh30,000. Kwa bei ya Sh1,060 hizo ni kilo 28 za pamba, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mavuno yake, na bado hatujahesabu vitumba vilivyotobolewa.

Ongeza malaria. Mgonjwa anaugua wakati wa palizi, si wakati wa mapumziko. Siku tano za mama akiwa zahanati na mtoto ni siku tano za magugu. Vyandarua vipya navyo ni ghali kuliko vya zamani, na hata vikigawiwa bure, kuna mahali fedha hiyo ilikotolewa.

Kwa nini mkulima peke yake hawezi

Wasukuma wana ngitili. Ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili lifunguliwe kiangazi. Kila mfugaji anajua kwamba ng'ombe wake wakiingia mapema watanenepa, lakini wote wakiingia mapema, kiangazi hakutakuwa na majani. Ndiyo maana kuna sheria ya kijiji. Mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986, wakati Bariadi ikiwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga, ulifanikiwa kurudisha miti kwa sababu ulijengwa juu ya utaratibu huo ambao wananchi walikuwa nao tayari.

Udhaifu wa mdudu mbele ya dawa ni ngitili. Ni mali ya pamoja isiyo na mwenyewe. Kila mpulizo unaila kidogo. Nikipulizia ovyo, faida ya leo ni yangu, lakini funza sugu watakaobaki hawajui mpaka wa shamba langu na la jirani. Mkulima mmoja mwangalifu akizungukwa na kumi wasiojali, uangalifu wake haumsaidii kitu.

Kuna jambo la pili ambalo husahauliwa tunapomlaumu mkulima. Mara nyingi si yeye anayechagua dawa. Tangu enzi za pasibuku hadi kilimo cha mkataba na mgawo wa kupitia vyama vya msingi vya ushirika, dawa ya pamba imekuwa ikiagizwa kwa wingi kutoka juu na kumfikia mkulima ikiwa imeshachaguliwa. Kama zabuni ya mwaka huu ni ya ukoo uleule wa mwaka jana na mwaka juzi, hakuna semina itakayomfanya mkulima wa Bariadi abadilishe dawa.

Kwa hiyo kubadilisha dawa kwa zamu kunatakiwa kuanzie kwenye zabuni, si kwenye bomba.

Kifanyike nini

Bodi ya Pamba, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) na watafiti wa TARI Ukiriguru wanaweza kupanga kalenda ya koo za dawa kwa kanda nzima: mwanzo wa msimu ukoo huu, katikati ule, mwaka kesho kwa mpangilio mwingine. Kalenda hiyo iwekwe ndani ya masharti ya zabuni.

Pili, funza wakusanywe kila msimu kutoka wilaya zote tano za Simiyu na kupimwa kama bado wanakufa kwa dozi iliyopendekezwa, na majibu yatangazwe kabla dawa haijaagizwa. Kipimo hicho ni muhimu kwa sababu dawa kugoma si lazima uwe usugu. Inaweza kuwa ni dawa bandia, iliyozimuliwa, au iliyopuliziwa wakati funza ameshakomaa na kujificha ndani ya kitumba. Kila tatizo lina tiba yake.

Tatu, mpango wa taifa wa kudhibiti malaria ukae meza moja na wanunuzi wa dawa za pamba. Dawa mpya inayotegemewa kwenye vyandarua isiingizwe mashambani kabla ya mazungumzo hayo.

Kwa upande wa mkulima, yapo yaliyo ndani ya uwezo wake. Kagua shamba kabla ya kupulizia. Usipulizie kwa sababu jirani amepulizia. Usigawe ekapaki moja kwa ekari mbili, kwani dozi ndogo ndiyo shule ya usugu. Usichanganye chupa mbili za ukoo mmoja ukidhani umeongeza nguvu. Usioshe bomba lamboni. Ng'oa na uchome masalia ya pamba ifikapo katikati ya Septemba kama inavyoelekezwa, kwa kuwa huko ndiko wadudu wanakosubiri msimu mpya.

Sayansi mpya si muujiza

Zipo njia nyingine. Huko Meatu, wakulima wa pamba hai wamelima bila viuadudu vya viwandani tangu miaka ya 1990, wakipanda alizeti shambani ili kuvutia wadudu rafiki. Kiwanda cha Kibaha kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba kinatengeneza dawa ya viluwiluwi vya mbu kwa kutumia bakteria, na bakteria wa jamii hiyo hutumika pia dhidi ya funza. Ni ukoo tofauti kabisa, unaostahili nafasi kwenye kalenda.

Kenya iliruhusu pamba iliyobadilishwa vinasaba mwishoni mwa mwaka 2019. Hapa kwetu bado hatujafika huko. Hata majaribio ya mahindi ya Makutupora, Dodoma, yaliyoanza mwaka 2016 yalisimamishwa mwaka 2018. Wanaoitamani wakumbuke India: pamba hiyo iliingia mwaka 2002, na kabla ya miaka kumi funza mwekundu alikuwa amepata usugu katika jimbo la Gujarat.

Kwa upande wa mbu, mwaka 2025 watafiti wa Ifakara na NIMR, wakishirikiana na Imperial College London, walichapisha matokeo ya kazi iliyofanyika maabara ya Bagamoyo. Walimpa mbu vinasaba vya kutengeneza protini mbili, moja ya asili ya chura na nyingine ya nyuki, zinazodumaza vimelea vya malaria ndani ya mbu. Vimelea vilivyotumika vilitoka kwa wagonjwa wa hapahapa Tanzania. Ni kazi ya kujivunia, lakini ilifanyika ndani ya maabara yenye ulinzi. Haitamkinga mtoto wa Bariadi msimu huu.

Kitakachomkinga msimu huu ni chandarua, na chandarua kitadumu kadiri tutakavyoacha kukigombanisha na pamba.

Kwa hiyo mkutano wa chama chako cha msingi utakapoitwa kuzungumzia pembejeo, kabla ya kuuliza bei ya ekapaki, nyoosha mkono uulize hili: dawa ya mwaka huu ni ya ukoo gani, na ya mwaka jana ilikuwa ya ukoo gani? Majibu yakiwa ni yaleyale, msikubali kikao kifungwe.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.